Lella Naziha na Maoni 3,812 ya Kanuni ya Viti

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Lella Naziha Kammoun anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Kanuni za Vyumba vya Kungojea, hapa Sfax, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Anaondoka akiwa Msimamizi wa Uonyeshaji wa Maoni, cheo ambacho hakikuwapo kabla yake na ambacho, kwa mujibu wa barua kutoka Tunis, hakitakuwapo baada yake.

Alianza kazi tarehe 1 Machi 1994 kama mpiga chapa. Wakati huo mpitiaji wa rasimu akiwa na maoni aliyaandika kwenye kikaratasi, na kazi ya Naziha ilikuwa kukigundisha kikaratasi hicho pembeni mwa ukurasa. Mpitiaji wa pili akitaka kumjibu wa kwanza, kikaratasi chake kiligundishwa juu ya kile cha kwanza. Rasimu ya Kanuni ya Vitasa vya Milango ilikuwa na kurasa mbili, nayo ilipokamilika ilikuwa nene kama godoro la mtoto. Ilibebwa na watu wawili kupelekwa kwa mkurugenzi, ambaye alitafuta maandishi yenyewe kwa muda, akakata tamaa, akatia saini kwenye gundi.

Kompyuta zilipofika mwaka 2001 wengi wetu tulizikwepa. Naziha alizizoea kwa wiki moja. Ndiye aliyemweleza mkurugenzi wa wakati huo kwamba kile kisanduku cha rangi kilichojitokeza pambizoni ni maoni ya mtu, si uchafu, na kwamba hakiwezi kufutwa kwa leso. Ndiye pia aliyegundua kwamba kwenye nyaraka za Kiarabu maoni hujipanga kushoto na kwenye zile za Kifaransa hujipanga kulia, jambo lililomaliza mgogoro wa mwaka mzima. Si Chedly Masmoudi (“Si” kwetu ni Bwana, kama “Lella” ni Bibi), mpitiaji wetu wa lugha, ambaye meza yake iko upande wa kushoto wa chumba, alikuwa akiamini maoni yote ya kushoto yameelekezwa kwake binafsi.

Kisha likaja suala la rangi. Kompyuta humpa kila mpitiaji rangi yake bila kumuuliza, na Si Hamadi Triki, mpitiaji wetu wa vipimo, alipewa waridi. Si Hamadi ni mtu mpana, mwenye masharubu, aliyewahi kuwa mwamuzi wa ndondi. Alileta cheti cha daktari na kukaa nyumbani siku kumi na moja. Naziha alimwendea na kumweleza kwa upole kwamba rangi hizo hazidumu, hubadilika kutegemea nani amelifungua faili na kwenye mashine ipi, na kwamba kwenye kompyuta ya Si Chedly yeye Hamadi ni kijani. Akarudi kazini siku iliyofuata. Inasemekana alipita nyuma ya kiti cha Si Chedly mara tatu asubuhi hiyo ili kujiona.

Lakini msomaji wa jarida hili anajua kwamba jina la Lella Naziha haliwezi kutajwa bila Kanuni Namba 7, Kuhusu Viti vya Vyumba vya Kungojea. Nami nimeombwa kuieleza sawasawa, kwa sababu nilikuwapo, na kwa sababu nyingine itakayoonekana.

Rasimu ya Kanuni Namba 7 ilianza mwaka 2006. Ilikuwa na kurasa nne. Mwaka 2008 viti vyenyewe vilinunuliwa, mia sita na arobaini, vikawekwa ghorofa ya chini ya jengo letu vikiwa na nailoni zake, vingoje kanuni. Kwa kuwa kanuni ilikuwa njiani, ofisi za umma za mikoa yetu ziliagizwa kuondoa viti vya zamani ili pasitokee mchanganyiko. Wananchi wakawa wanasimama.

Mwaka 2009 Si Chedly na Si Hamadi walikosana. Kifungu cha kwanza kilisema chumba cha kungojea kiwe na viti. Si Hamadi akaweka maoni pambizoni kwamba neno sahihi ni vikalio, kwa kuwa benchi nalo hukaliwa lakini si kiti. Si Chedly akajibu kwamba neno hilo haliwezi kusomwa mbele ya watu wenye heshima. Alasiri hiyo waliandikiana maoni arobaini na moja. Meza zao zinatazamana, mita mbili kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna aliyefungua kinywa. Maoni ya arobaini na moja, ya Si Hamadi, yalisema, “Chedly anafikiri kama benchi.” Kuanzia siku hiyo hawakupeana salamu tena. Kila walichotaka kuambiana kiliandikwa pambizoni mwa Kanuni Namba 7: fungua dirisha, funga dirisha, nani amechukua kalamu yangu, nani amekula sandwichi ya tuna juu ya faili hili.

Kila maoni mapya yalikuwa na haki ya kujibiwa kabla ya kanuni kwenda kwa mkurugenzi. Kufikia mwaka 2013 maoni yalikuwa yamepita elfu mbili, na vile visanduku vilikuwa vimeyabana maandishi ya kanuni hadi yakawa kama uzi katikati ya ukurasa, herufi mbili mbili kwa kila mstari. Siku moja mpishi wa chai, Si Taieb, aliinua miguu yake juu ya meza kupumzika, na jambo hilo peke yake likazaa maoni kumi na tisa.

Hapo ndipo Lella Naziha alipofanya alilolifanya.

Programu ya kuandikia ina mahali pa kuchagua ni maoni ya nani yaonekane na ya nani yafichwe. Kuficha si kufuta: maoni hubaki ndani ya faili, ila hayaonekani kwenye mashine hiyo mpaka mtu ayaite tena. Asubuhi moja ya Januari 2013, saa moja na dakika kumi, kabla ya mtu yeyote kufika, Naziha aliketi kwenye kompyuta ya Si Chedly akaficha maoni yote ya Hamadi. Kisha akavuka mita mbili, akaketi kwenye ya Si Hamadi, akaficha yote ya Chedly.

Siku ile ofisi ilikuwa na utulivu ambao hatukuujua. Si Chedly alilikuta faili limeshafunguliwa, akaliangalia, akashusha miwani, akamtazama Si Hamadi kwa muda mrefu. Si Hamadi naye alifanya vivyo hivyo. Kila mmoja aliamini mwenzake ameshindwa na amenyamaza. Kufikia saa nne kila mmoja alikuwa ameagiza kahawa kwa furaha.

Tatizo ni kwamba mashine hazikuuhifadhi uchaguzi huo. Kila faili lilipofunguliwa upya maoni yote yalirudi. Kwa hiyo Naziha alifika saa moja na dakika kumi siku iliyofuata pia, akayaficha tena na kuyaacha mafaili wazi, na siku iliyofuata, na hivyo kwa miaka sita. Hakuchukua likizo hata siku moja. Binti yake alipoolewa, harusi ilipangwa sikukuu ya taifa. Alipovunjika kidole cha mguu alikuja kwa teksi, akaficha, akaenda hospitali. Ofisi ilimpa cheti cha Mfanyakazi Anayewahi Kazini mara tatu, na mara zote tatu alikipokea akiwa amekunja uso kama mtu anayekabidhiwa hati ya mahakama.

Maana Naziha, kwa cheo chake, ndiye peke yake aliyeyaona yote. Na aliyaona yakibadilika. Mwaka wa kwanza kila mmoja aliendelea kumtukana mwenzake ili kumchokoza aseme. Mwaka wa pili matusi yakapungua. Mwaka wa tatu Si Hamadi aliandika, “Chedly, hata kama umekasirika, jibu basi, hii kanuni ni ya wote.” Mwaka huohuo, umbali wa mita mbili, Si Chedly aliandika, “Hamadi, si kawaida yako kukaa kimya hivi. Unaumwa?”

Alitaka kuwaonyesha. Aliniambia baadaye kwamba alikaa mbele ya mashine hiyo asubuhi nyingi akitafuta njia ya kuonyesha maoni moja tu. Haikuwapo. Mashine inachagua mtu, haichagui neno. Ungemruhusu Hamadi aonekane, angeonekana mzima, na benchi lake na yote. Na kila wiki iliyopita bila kusema ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Machi 2019 mama yake, Lella Zohra, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, alikwenda ofisi moja ya serikali, ambayo haina haja ya kutajwa, kuthibitisha kwamba yu hai. Alibeba kigoda chake cha kukunja. Mlinzi alikikataa kwa sababu kanuni ya viti ilikuwa haijatoka, na kigoda hicho huenda kingekuja kuwa kinyume chake. Lella Zohra alisimama kwa muda wa saa tatu na nusu. Alirudi nyumbani na miguu iliyovimba hadi viatu vikakatwa kwa mkasi.

Kesho yake Naziha alifika muda wake uleule. Aliketi mbele ya kompyuta yake mwenyewe, akaifungua Kanuni Namba 7, akaficha maoni ya kila mtu, akachapisha. Zikatoka kurasa nne nyeupe, safi, zenye vifungu kumi na viwili. Alizichukua zikiwa bado na joto na kwenda kuziweka mbele ya mkurugenzi mpya, Madame Emna Sellami, aliyekuwa na siku ya tatu ofisini.

Madame Emna alizisoma kwa dakika sita. Akauliza, “Hii imekuwa ikingoja nini?”

“Imekuwa ikingoja mtu aisome, Madame,” alisema Naziha.

Akatia saini.

Sasa ile sababu nyingine. Karatasi zilizosainiwa zililetwa kwangu, Kitengo cha Usambazaji, nizipitishe kwenye skana na kuzituma ofisi mia mbili na kumi na nne. Skana ilikuwa imeharibika tangu 2017. Kwa hiyo nililichukua faili lenyewe kwenye kompyuta, sikulifungua, nikaambatanisha barua ya Madame Emna isemayo kanuni hii itekelezwe yote kama ilivyo, neno kwa neno, nikalituma. Nilijisikia mchapakazi siku hiyo. Nilijinunulia keki.

Ofisi mia mbili na kumi na nne zililifungua faili na kuona kanuni yenye vifungu kumi na viwili na maoni 3,812. Nyingi, ni lazima tuseme kwa kuzitetea, hazikujua tofauti. Barua ilisema yote kama ilivyo.

Barua za kwanza zilifika baada ya siku nane. Ofisi moja ya Gafsa iliarifu kwamba imetekeleza kipengele cha 1,147, kisemacho “Taieb aondoe miguu yake mezani,” na kwa kuwa wana akina Taieb watatu, wote wameandika maelezo ya kujitetea, ambayo yameambatanishwa. Kasserine waliunda tume ndogo kwa ajili ya kipengele cha 602, kuhusu aliyekula sandwichi juu ya faili, na walikuwa na furaha kutujulisha kwamba mtu amepatikana na amekiri. Kebili waliuliza kama dirisha lifunguliwe kwanza ndipo lifungwe, au kinyume chake, kwa kuwa vipengele vinapingana.

Na Zarzis waliandika hivi: “Kwa kurejelea kipengele cha 2,090, kinachosema upana wa kiti upimwe kwa makalio ya Hamadi kwa kuwa hapa ofisini hakuna mapana kuliko hayo, tunaomba vipimo rasmi vya ndugu Hamadi, kwa sentimita, ili tusikwamishe utekelezaji.”

Madame Emna aliisoma barua hiyo mara mbili. Kisha alituita wote chumba cha mikutano, akawasha ile mashine ya kumulika ukutani, akafungua Kanuni Namba 7 mbele yetu, kila kitu kikiwa wazi. Ukuta mzima ulijaa visanduku, waridi na kijani. Maandishi ya kanuni yalionekana kidogo, kama mtu aliyebanwa kwenye lifti.

Tulicheka, nakiri. Tulicheka mpaka Madame Emna, akisogeza ukurasa kutafuta 2,090, alipopita kifungu cha nne, kinachohusu mgongo wa kiti. Palikuwa na maoni ya Si Chedly ya tarehe 14 Januari 2016. Yalisema, “Hamadi, Mungu amrehemu Salha. Nilikuja mazikoni, nilisimama nyuma karibu na ukuta, sikujua kama ungependa kuniona. Ninaandika hapa kwa sababu hapa ndipo tunapozungumza.”

Chini yake kidogo palikuwa na ya Si Hamadi, ya mwezi uliofuata, namba 3,301. “Chedly, sioni tena maandishi yako. Kama umechoka kuandika sawa, usiandike. Kohoa tu, nijue.”

Hakuna aliyecheka tena. Si Hamadi alikuwa amesimama. Tangu kifo cha mkewe alikuwa akiamini kwamba mtu anayeketi mbele yake kila siku hakumpa hata pole.

Lella Naziha aliinuka kabla hajaulizwa. “Ni mimi,” alisema. “Nilificha matusi yenu. Na haya yakaja yakajipanga nyuma ya matusi, nami sikuweza kuyatoa peke yake. Kila asubuhi nimeyaficha kwa mkono wangu.”

“Miaka sita, dada?” Si Hamadi aliuliza.

“Sita na miezi miwili.”

Si Hamadi alitoka nje ya chumba bila kuchukua koti lake. Hakusema na Naziha kwa siku tisa, na hatukumlaumu. Naziha mwenyewe hakujitetea. Aliandika barua ya kujieleza, ukurasa mmoja, akaiweka mezani kwa mkurugenzi, akaendelea kuja kazini, ila sasa alifika saa mbili kama sisi wengine, na ilionekana hajui afanye nini na muda wake.

Madame Emna aliwaruhusu wale wapitiaji wawili waache kazi nyingine zote wasome. Walipewa nakala iliyochapishwa, kurasa mia nne na kumi. Siku ya kwanza ilikuwa ya matusi, na mara kwa mara mmoja alisikika akicheka peke yake, kisha akikunja uso mwenzake alipotazama. Siku ya pili zilisikika kurasa tu zikifunuliwa. Yapata saa tisa alasiri, Si Chedly alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akakohoa. Kikohozi kirefu, cha makusudi, cha mtu aliyejiandaa.

Si Hamadi hakuinua kichwa. “Una kifua?” aliuliza. Ni maneno ya kwanza aliyomwambia kwa mdomo tangu mwaka 2009.

“Najibu ile ya elfu tatu mia tatu na moja,” alisema Si Chedly.

Kisha wakaanza kubishana kuhusu kiti na kikalio, kwa sauti, na ikabidi tufunge mlango.

Siku ya kumi Si Hamadi alifika saa moja na nusu akamkuta mlinzi tu. Akangoja. Lella Naziha alipoingia saa mbili, alimwomba amwonyeshe mahali pa kubonyeza ili mtu ayaone maoni yote, ya kila mtu, kila siku, bila kumtegemea mwingine. Ilichukua dakika nne. Si Hamadi alimwachia sanduku la makroudh, vile vitafunio vya tende, mezani na hajalizungumzia jambo hilo tena mpaka leo.

Kuhusu Zarzis, haikuwezekana kutowajibu, kwa kuwa swali rasmi hutaka jibu rasmi. Si Hamadi alipimwa chumba cha mikutano mbele ya mashahidi wawili, akiwa ameketi. Sentimita arobaini na sita. Alitia saini mwenyewe. Ofisi nyingine zilipopata habari nazo ziliomba, na leo ndicho kipimo kinachotumika katika mikoa yetu yote, na Si Hamadi amepanda cheo kwa kiasi fulani kwa sababu hiyo.

Viti viligawiwa mwezi Mei. Lella Zohra alipelekwa na binti yake kwenye ofisi ileile kuthibitisha tena kwamba yu hai, kwa sababu cheti cha kwanza kilikuwa kimepotea. Aliketi kwenye kiti chenye nailoni bado. Baada ya dakika arobaini jina lake liliitwa, naye akamwambia karani apitishe wengine kwanza, yeye hana haraka. Aliitwa mara nne. Hatimaye karani alitoka na muhuri akaja kumgongea hapohapo alipoketi.

Tunis hawakufurahi. Hawakuweza kuifuta kanuni, maana imesainiwa, wala kuyaondoa maoni, maana wananchi walikuwa wameshaanza kuyategemea. Kwa hiyo waliunda tume ya watu watano kumchunguza Lella Naziha kwa kosa la kuficha maoni ya watumishi wa umma. Tume ilikaa, ikaandika rasimu ya adhabu, kila mjumbe akaipitia, na katika wiki ya pili wajumbe wakagundua kwamba kila mmoja anaona maoni tofauti na hakuna anayejua mwenzake amesema nini. Wakauliza nani nchini anaweza kusaidia. Wakaambiwa.

Naziha alipanda treni kwenda Tunis. Alikaa siku tatu, amepewa meza na kahawa, akipanga maoni kwenye rasimu ya adhabu yake mwenyewe. Hakugusa neno hata moja. Ila safari hii hakuficha chochote: aliweka kila maoni ya kila mjumbe wazi mbele ya wajumbe wote. Mjumbe wa pili akagundua kwamba mjumbe wa nne anamwita mbumbumbu tangu ukurasa wa kwanza. Mmoja alitaka iandikwe “onyo kali”, mwingine “onyo zito”. Waligombana kwa mdomo, milango wazi, mbele ya makarani, hadi siku ya tatu mwenyekiti alipojishika kichwa.

“Lella Naziha,” alisema, “tumekuita tukuadhibu wewe. Mbona tunaoadhibika ni sisi?”

Alimwambia ni kawaida, na kwamba siku za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Alirudi Sfax na treni ya saa nane. Rasimu ya adhabu yake bado ipo kwenye mapitio. Kwa mujibu wa sheria za utumishi, mtu hawezi kutumikia adhabu ambayo haijakamilika, wala hawezi kuzuiwa kustaafu kwa ajili yake, hivyo anaondoka na rekodi safi.

Miaka sita tangu hapo ameitumia kuwafundisha watu. Amezunguka ofisi za mikoa yetu akiwa na kompyuta ndogo begani, akionyesha makarani namna ya kujua kipi ni kanuni na kipi ni mtu anamnung'unikia mwenzake. Gafsa walimpokea kwa heshima na kumtambulisha kwa akina Taieb wote watatu. Amewafundisha pia jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote: kabla hujaweka maoni pambizoni, tazama kama mwenye maandishi yupo chumbani, na kama yupo, mwite jina lake.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, alikataa saa ya ukutani na akakataa mkoba. Aliomba kitu kimoja: wasifu wake uchapishwe bila kupitiwa na mtu yeyote. Madame Emna alikubali kwa maandishi. Si Chedly alihangaika sana. Alinijia mara mbili akitaka walau aangalie alama za vituo, na Si Hamadi akamshika mkono akamrudisha mezani kwake. Kwa hiyo ukiona kosa humu, msomaji, ni langu mimi, nililiandika peke yangu, na hakuna popote pa kubonyeza ili kuona nani alilipinga.

Lella Naziha, wafanyakazi wenzako wote wanakushukuru. Umetuvumilia, umetukosea mara moja na ukasimama kusema ni wewe, na baada ya hapo ukatufundisha kusikilizana, kazi ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wako. Tunakuombea siku ndefu huko Mahdia kwa binti yako, afya ya kuzifurahia, wajukuu wenye kelele, na majirani ambao wakikupenda watakwambia, na wakikukasirikia watavuka barabara, watagonga mlango, na watakwambia hilo pia.

Faouzia Chaabouni
Kitengo cha Usambazaji